Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Kwanza kwa Shabaha za Yadi 1,000

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mzaliwa wa Arusha ninayeishi Leicester, Uingereza. Mwaka jana nilijiunga na klabu ya walenga shabaha, nimekwisha kupita kipindi cha majaribio, na hadi sasa natumia bunduki ya klabu katika umbali wa yadi 300. Nia yangu ni kushindana katika viwanja vya shabaha vya Bisley, kwa yadi 1,000, nikiwa nimelala chini na bunduki yenye darubini. Nimeweka akiba ya pauni 2,500 na ninajaza fomu ya kuomba cheti cha silaha, lakini kila ninayemuuliza ana jibu lake: mmoja anasifu .338 Lapua Magnum kwa kuwa hufika mbali kuliko zote, mwingine anasema 6.5 Creedmoor, na mzee mmoja wa klabu anashikilia .308 Winchester, ambayo vijana wanaicheka. Ninunue ipi, na je, iwe mpya au iliyokwisha kutumika?

Msomaji, Leicester

JIBU

Ndugu msomaji, msikilize huyo mzee. Nitaeleza sababu, lakini kabla ya kaliba, yaani ukubwa na aina ya risasi ambayo bunduki hutumia, kama hizo tatu ulizozitaja, kuna jambo linalotangulia, nalo ni kujua utashindana katika daraja gani, kwa maana kanuni za daraja ndizo zitakazokuchagulia nusu ya bunduki. Kwa mlengaji wa Uingereza jambo hili lina uzito wa pekee, kwani cheti cha polisi hutaja kaliba ya kila bunduki unayoruhusiwa kununua, na hutaja pia idadi ya risasi unazoweza kuwa nazo. Ukikosea kaliba leo, itabidi uombe cheti kibadilishwe, na kungoja huko kunaweza kula sehemu kubwa ya msimu.

Kwa maelezo yako, unachokitaka kinaitwa F-Class. Mchezo huu ulianzishwa na Mkanada George Farquharson, ambaye herufi ya kwanza ya jina lake ndiyo hiyo F, ili walengaji ambao macho na viungo vyao havikuweza tena kuvumilia mkanda wa begani na vilengeo vya chuma wapate kuendelea kushindana. (Leo vijana wamejaa humo kuliko wazee, wala sioni ubaya.) Una madaraja mawili. La kwanza ni F-Open, ambamo kaliba nyingi zinakubaliwa, uzito wa bunduki pamoja na darubini hauzidi kilo 10, na mbele bunduki huwekwa juu ya kiegemeo kizito. La pili ni F/TR (TR ni kifupi cha Target Rifle, bunduki ya shabaha), ambamo kaliba ni mbili tu, .308 Winchester na .223 Remington, bunduki husimama kwa miguu yake miwili, na uzito wote, miguu na darubini vikiwemo, hauzidi kilo 8.25. Kwa akiba uliyonayo, F/TR ndipo mahali pako, kwa kuwa F-Open ni uwanja wa mitutu ya gharama na ya maisha mafupi.

Basi .338 Lapua Magnum iondoe mawazoni. Ni kweli kwamba inafika mbali, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya wadunguaji wa kijeshi, teke lake ni zito kwa mtu anayepiga risasi ishirini mfululizo, bei ya risasi zake ni ya kukatisha tamaa, na katika viwanja vingi vya Uingereza nguvu yake humlazimu mtumiaji kupata idhini ya ziada. Katika F/TR haiingii kabisa. Yadi 1,000 hazihitaji nguvu hiyo, kwani unachotakiwa kutoboa pale ni karatasi.

Kuhusu 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, aliyekushauri hakukudanganya. Upepo hauisukumi sana kama .308, na kwa mashindano ya kupiga sahani za chuma huku ukihamahama kutoka kituo hadi kituo, ningekushauri hiyo bila kusita. Lakini ukiingia nayo F-Class utapangwa F-Open, pamoja na watu wenye bunduki zilizoundwa na mafundi kwa kazi hiyo tu. Zaidi ya hayo, mtutu wake huchoka baada ya risasi 2,000 hadi 3,000 hivi, ambapo wa .308 ukitunzwa unaweza kufika 5,000. Mlengaji mgeni anahitaji kupiga risasi nyingi, na mtutu ni kama tairi la gari: unanunuliwa ukijua kwamba utaisha.

Sasa nije kwenye sababu iliyo kubwa zaidi kwangu. Upepo unaovuma kutoka ubavuni kwa kilomita 16 kwa saa huisukuma kando risasi ya .308 kwa zaidi ya mita 2 katika yadi 1,000, na duara la alama ya juu katika shabaha ya F-Class, kwa umbali huo, lina upana wa sentimita 25 tu. Piga hesabu: upepo ukibadilika kwa kilomita moja na nusu tu kwa saa, badiliko ambalo shavu lako halilihisi, risasi uliyoilenga katikati kabisa inatoka nje ya duara. Kwa hiyo .308 inakulazimisha kutazama bendera za uwanjani, kuandika kila risasi ilipoangukia na kujifunza lini usifyatue, ilhali kaliba inayosamehe itakuficha makosa yako. Tena ukikosa kwa .308 katika F/TR, aliye kando yako naye ana .308, hivyo utajua tofauti ni ya mikono na macho, si ya fedha.

Itakuwa bunduki ya bolti, yaani ile ambayo kila risasi huipakia kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono, kwa kuwa bunduki za kaliba hizi zinazojipakia zenyewe zilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1988. Tikka na Howa ni majina ambayo mgeni hatajuta kuyaanzia. Tafuta mtutu mzito, kitako kinachoweza kurekebishwa kwenye shavu na begani, na kifyatulio chepesi kisicho na mkwaruzo. Halafu uliza mifereji iliyo ndani ya mtutu inazunguka mara moja kwa inchi ngapi. Kiswahili chetu huita risasi kitu kizima na pia kile kipande kinachoruka; mimi hapa kinachoruka nitakiita kichwa. Kichwa kirefu na kizito huhitaji mzunguko wa haraka ili kisiyumbe hewani. Kwa .308 na vichwa vya greni 155 hadi 185 (greni ni kipimo cha uzito, na 15 hivi ni gramu moja), mzunguko mmoja kwa inchi 10 hadi 12 unatosha. Swali hili mimi sikuliuliza niliponunua .223 yangu ya kwanza, ambayo mtutu wake ulikuwa wa mzunguko mmoja kwa inchi 12. Vichwa vizito vya greni 80, ambavyo ndivyo vinavyofaa kwa umbali mrefu katika kaliba hiyo, vilifika kwenye karatasi vikiwa ubavu.

Darubini usiifanyie ubahili. Kutoka yadi 100 hadi 1,000 utahitaji kupandisha kilengeo kwa dakika za pembe 30 hadi 40 (dakika moja ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja), kutegemea kichwa na kasi yake, na darubini nyingi za bei nafuu huishiwa nafasi kabla ya kufika huko. Ili kuongeza nafasi hiyo, agiza reli ya kufungia darubini yenye mwinamo wa dakika 20, ambayo ni kitu cha fedha kidogo. Mimi katika pauni 2,500 zako nisingetumia zaidi ya 1,200 kwa bunduki yenyewe; nyingine ziende kwenye darubini, miguu, kabati la chuma la kufungwa ukutani na risasi, kwani mzunguko mmoja wa mashindano kwa kawaida ni risasi 2 za majaribio na 15 au 20 za alama, na siku moja huwa na mizunguko kadhaa.

Kwa bajeti hiyo, bila shaka utanunua iliyotumika, na si jambo la kuona haya, kwani walengaji wengi wa F/TR huuza bunduki nzuri wanapohamia F-Open. Muulize muuzaji ameipiga risasi ngapi na uombe kuona daftari lake la alama. Angalia kwenye mtutu mihuri ya London au Birmingham, inayoonyesha kwamba umekaguliwa usalama wake, kisha umwombe fundi bunduki apitishe kamera ndogo ndani, atazame pale mwanzo wa mifereji, ambapo moto wa baruti hula chuma kwanza. Mtutu ukiwa umechoka lakini mashine yake ni nzima, toa gharama ya mtutu mpya katika bei anayoitaka na ujadili upya. Mkikubaliana, muuzaji atayaandika mauzo kwenye cheti chako, na kila mmoja wenu atawaarifu polisi wake ndani ya siku 7.

Fomu usiitume wiki hii. Mwombe huyo mzee akupeleke Bisley siku klabu yenu itakapokodi shabaha katika uwanja wa Stickledown, ulale nyuma ya .308 yake, upige risasi kumi chini ya usimamizi wake, ndipo uandike kaliba.