Vikaragosi vinavyosagwa na kumbukumbu za mkonge

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Muheza. Kijana wangu alikuja likizo akatuonyesha filamu ya vikaragosi iitwayo Mad God. Hakuna anayesema neno la kueleweka, na vikaragosi vinavyofanya kazi vinasagwa na kuunguzwa bila yeyote kugeuka kutazama. Marehemu baba alikuwa manamba katika shamba la mkonge, akihudumu kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge ili kutoa nyuzi, nami usiku ule usingizi ulinipaa. Kwa nini mtu atumie vikaragosi kusimulia mateso kama hayo badala ya waigizaji? Je, ni filamu ya kuwaachia wajukuu? – Msomaji, Muheza, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usiku huo. Filamu hiyo ni ya Phil Tippett, fundi Mmarekani aliyewahi kuhuisha viumbe katika filamu za Star Wars. Aliianza mwishoni mwa miaka ya 1980, akaiweka kando kwa takriban miaka 20, na hatimaye ikaonyeshwa mwaka 2021. Sehemu kubwa ya waliomsaidia alipoirudia walikuwa watu wa kujitolea, jambo linalochekesha kidogo kwa filamu inayolaani kazi isiyo na ujira, ingawa hao walikuwa huru kwenda zao wakati wowote.

Waigizaji wamo, lakini kwa sehemu ndogo. Mwigizaji akipigwa, mtazamaji anajua kwamba baadaye atainuka na kupangusa vumbi. Kikaragosi kikisagwa, kimesagwa kweli, na kazi ya mikono iliyokiunda imekwenda nacho. Tena kikaragosi hakina hata punje ya mwendo wake mwenyewe. Fundi hukisogeza kidogo, hupiga picha moja, hukisogeza tena, na kwa kuwa sekunde moja ya filamu ina picha 24, dakika moja tu inadai picha 1,440; hata akiamua kuupiga kila mkao picha mbili, bado atakipanga upya mara 720. Kiumbe kinachoendeshwa na mkono wa mwingine katika kila hatua, kisha kinatupwa, ndicho hasa mfanyakazi anayeonyeshwa humo: hana uso, mwili wake ni wa nyuzinyuzi, na kiwanda kinachomzalisha ndicho kinachommaliza. Hakuna nyapara anayemchukia. Mashine inapita tu, naye yuko njiani.

Hapo ndipo naona filamu imesema kweli kuhusu mashine lakini imewapunja watu. Baba yako alijua unyonyaji ulioandikwa kwenye karatasi: manamba aliletwa kutoka mbali kwa mkataba, akapewa kipande, yaani kadi ya kuandikia siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuandikwa, hivyo kipande cha mwezi mmoja kingeweza kuvuka mwezi kabla hajashika mshahara wake. Hata hivyo watu hao walikuwa na majina, ngoma, vyama vya kuzikana na ndimi za kukataa. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, na wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde, huko Korogwe, wakagoma mwaka 1958. Katika filamu nzima hakuna mfanyakazi hata mmoja anayeweka chini mzigo wake. Tippett amechagua kuonyesha ulimwengu uliooza hadi mzizi, na kwa ustadi wa mikono sijaona wengi wanaomfikia, lakini uozo usio na mtu wa kuupinga ni hadithi iliyosimuliwa kutoka upande wa korona, si upande wa aliyekuwa akiilisha majani.

Kwa hiyo, ukiitazama tena na kijana wako, msimulie habari za Mazinde. Wajukuu wasiione kabla hawajawa watu wazima, kwa maana ina damu, uchafu na upasuaji wa kutisha ambao mtoto hana mahali pa kuuweka.