Kabla hujaiuza kompyuta ya zamani, ijue leseni yake

Nina stesheni ndogo Morogoro. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunawajazia watu fomu za mtandaoni. Kwa miaka tisa sehemu kubwa ya kazi ilibebwa na kompyuta moja ya mezani ambayo fundi aliniunganishia mwaka 2016, ndani yake ikiwa na Windows 10 Pro niliyoinunua mwenyewe, ikiwa bado kwenye boksi lake. Tarehe 14 Oktoba 2025 ilipokaribia, siku ambayo Microsoft ilikuwa imetangaza kusitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, nilijua safari ya mashine ile imefika ukingoni. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na yangu haikuwa na hivyo vyote viwili. Nikanunua nyingine, tupu, bila Windows.

Watu wawili walinishauri. Mmoja alisema ninunue Windows upya. Wa pili alisema ataniwekea ya kukreki, yaani ya wizi iliyovunjwa kufuli la leseni, kabla chai haijapoa. Hakuna aliyeniuliza swali linalopaswa kutangulia: leseni uliyo nayo ni ya aina gani?

Nalijua swali hilo kwa sababu liliwahi kunila hela. Mwaka 2019 nilikuwa na laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 10 Home. Ikafa ubao mama baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Kabla haijafa kabisa fundi alikuwa amenisomea ufunguo wake, zile herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano, nami nikaunakili kwenye daftari kwa uangalifu mkubwa nikijua nimeokoa mali. Laptopu nikaiuza kwa bei ya spea. Nilipouandika ufunguo ule kwenye mashine nyingine, ukakataliwa. Nikarudia, nikidhani nimekosea herufi. Ukakataliwa tena.

Nikiwa na hasira na kazi za wateja zimelala, nikanunua "leseni" ya bei poa kwa muuzaji niliyempata kwa simu. Alikuja mwenyewe akaiweka, ikakubali, nikafurahi. Baada ya miezi sita hivi, maandishi ya kijivu ya kudai leseni yakajitokeza pembeni mwa skrini. Namba ya yule muuzaji ikawa haipatikani. Hapo ndipo nilipokaa chini na kusoma leseni hizi zinafanyaje kazi, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya kiwandani, ambayo mtengenezaji wa kompyuta, awe HP, Dell, Lenovo au mwingine, ameiweka kabla kompyuta haijafika dukani. Hiyo imefungwa na ubao mama wa mashine ile. Unaweza kubadili diski, unaweza kuongeza RAM, itaendelea kukutambua. Lakini haihami. Mashine ikifa, imekufa nayo. Ndiyo iliyonikuta mimi, na daftari langu halikuwa na thamani yoyote. Ya pili ni ya rejareja, ile unayoinunua peke yake, kwenye boksi au mtandaoni. Hii ni yako wewe, si ya mashine. Unaruhusiwa kuihamisha, mradi iwe inatumika kwenye kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Ya tatu ni ya jumla, wanayopewa makampuni, vyuo na ofisi zenye kompyuta nyingi. Kwa mfumo wake unaotumika zaidi, kompyuta inapaswa kuwasiliana na seva ya taasisi husika, na uhai wake ni siku 180 kila inapothibitishwa. Mashine ikiwa mbali na seva hiyo, siku zinahesabika hadi zinaisha. Piga hesabu mwenyewe: siku 180 ni miezi sita. Yule bwana alikuwa ameniuzia kitu ambacho hakikuwa chake kuuza.

Kuijua yako ni ya aina gani hakuhitaji fundi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika "slmgr /dli", kisha bonyeza Enter. Subiri sekunde chache. Kitatokea kisanduku kidogo, na ndani yake utaona neno RETAIL, ambayo ni rejareja, au OEM, ambayo ni ya kiwandani, au VOLUME, ambayo ni ya jumla. Chini yake utaona herufi tano za mwisho za ufunguo unaotumika. Bonyeza tena Windows na R, uandike pia "slmgr /xpr". Leseni ya kudumu itakuambia ni ya kudumu. Ukiona imekutajia tarehe ya kwisha, elewa kwamba umeshika kitu cha kuazima.

Hapa niseme neno kwa wanaonunua kompyuta za mtumba, maana ndizo wengi wetu tunazimudu. Tangu enzi za Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa huacha kuweka ufunguo kwenye kibandiko na kuuandika ndani ya ubao mama wenyewe. Laptopu nyingi za ofisi zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai zina leseni halali ya Windows Pro imelala humo ndani. Halafu inakuja kufomatiwa dukani, inapigwa Windows ya toleo lingine, inakrekiwa, na mnunuzi anaishi miaka na programu ya wizi juu ya mashine ambayo leseni yake ililipiwa zamani. Hili huniumiza kila ninapoliona. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji afungue PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike: (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ukijitokeza ufunguo wa herufi 25, leseni ya kiwandani imo. Piga Windows safi ya toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, unganisha intaneti, na mara nyingi itajiamilisha, yaani itathibitisha leseni, yenyewe bila wewe kuandika chochote. Nimewafanyia hivyo majirani watatu pale mtaani, na wawili kati yao walikuwa tayari wameshatenga hela ya kununua ufunguo.

Programu za kukreki sizigusi tena. Nyingi hukutaka uzime kwanza antivairasi, na kompyuta ya stesheni hupitiwa na flashi na vitambulisho vya watu kutwa nzima. Mtu ameniachia nakala ya kitambulisho chake cha NIDA kwa dakika kumi. Sina haki ya kuiweka mahali ambapo nimeacha mlango wazi.

Basi turudi kwenye mashine yangu ya 2016. Niliandika "slmgr /dli" na likatokea neno RETAIL. Nikaenda kulitafuta boksi. Lilikuwa juu ya kabati, na kadi ya ufunguo imo ndani pamoja na risiti ambayo wino wake umeanza kufifia. Nikalinganisha herufi tano za mwisho kwenye kadi na zile za kwenye skrini. Zikaoana.

Ulinganifu huo usiupuuze. Ukikuta herufi za kwenye skrini ni 3V66T kwa Pro, au 8HVX7 kwa Home, hizo si zako peke yako. Ni za ufunguo mmoja wa watu wote ambao Windows huutumia pale leseni inapohifadhiwa kidijitali kwenye seva za Microsoft. Kuunakili ufunguo huo hakutakusaidia kwenye mashine mpya. Aliye katika hali hiyo njia yake ni akaunti ya Microsoft, nitaieleza hapa chini.

Kabla ya kugusa leseni nilihamisha mafaili yote kwenye diski ya nje. Nikaangalia pia kama BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, imewashwa, kwa sababu diski iliyofungwa nayo ukiihamishia kwenye mashine nyingine itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na mtu asiyekuwa nao hana pa kwenda.

Kisha nikaifungua Command Prompt, dirisha jingine la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi kwenye mashine ya zamani, nikaandika "slmgr /upk", inayoutoa ufunguo, na baada yake "slmgr /cpky", inayoufuta kwenye rejista ili atakayeichukua kompyuta asiusome. Wengi hudhani amri ya kwanza inawajulisha Microsoft kwamba leseni iko huru. Haiwajulishi. Inaondoa ufunguo pale ulipo tu. Lakini ndiyo inayokufanya uwe mkweli kwa sharti la kompyuta moja, na usije ukakuta mashine zote mbili zinang'ang'ania ufunguo mmoja.

Kwenye mashine mpya nilipiga Windows 11 Pro. Ufunguo wa rejareja wa Windows 10 unakubali Windows 11 ya toleo lile lile, kwa hiyo sikulipa senti ya nyongeza. Wakati wa kupiga, mahali panapoulizwa ufunguo nilichagua kwamba sina kwa sasa, nikahakikisha nimechagua Pro. Baadaye nikaandika "slmgr /ipk" ikifuatiwa na ufunguo wangu, halafu "slmgr /ato" ya kuamilisha.

Mara ya kwanza ikagoma, na namba 0xC004C008. Maana yake ni kwamba ufunguo umeshatumika mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Moyo ulinidunda, nikakumbuka 2019. Lakini safari hii nilikuwa na risiti, na nilikuwa nimeshaifunga leseni na akaunti yangu ya Microsoft miaka mingi nyuma, jambo linalowezekana tangu sasisho la Windows 10 la Agosti 2016. Nikaingia kwa akaunti hiyo hiyo, nikafungua mipangilio, ukurasa wa Activation, nikabonyeza kitatuzi cha matatizo, nikachagua kwamba nimebadilisha vifaa vya kompyuta hivi karibuni. Ikanipa orodha ya mashine zangu. Nikachagua ile ya zamani, nikaweka tiki kwamba hii ndiyo ninayoitumia sasa, nikabonyeza kuamilisha. Ikakubali. Kama ingegoma tena, ningewasiliana na huduma kwa wateja ya Microsoft nikiwa na risiti mkononi.

Tazama basi ni vitu gani vilivyoniokoa: kadi, risiti, na akaunti iliyofungwa mapema. Hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukitengeneza siku ile ya shida. Kama kompyuta yako inawaka leo, fungua mipangilio leo hii, uone kama imeandikwa kwamba leseni imeunganishwa na akaunti yako. Kama haijaunganishwa, ingia kwa akaunti uiunganishe. Ni kazi ya dakika tano, na ubao mama ukishaungua huwezi kuifanya tena.

Ile ya 2016 sikuiuza. Nimeipiga Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao haudai kununua leseni, na imehamia nyumbani kwa dada yangu, ambako mwanawe wa kidato cha pili anajifunza kuchapa.