Kuta za Mji wa Kale zatoka bapa

SWALI: Nyumba kuukuu za Mji wa Kale, Mombasa, nazipiga picha saa mbili asubuhi, mwanga ukiwa laini, lakini lipu iliyobanduka haionekani na jengo kama limelala nyuma. Kosa liko wapi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Saa si mbaya, ukuta ndio uliochagua vibaya. Ukuta unaotazama mashariki, upande wa bandari ya kale, saa hiyo hupigwa na jua usoni, hivyo kila tundu la jiwe la matumbawe hukosa kivuli. Urudie saa nne na nusu hadi tano: jua likiwa juu, mwanga wake huukwaruza ukuta kutoka juu kwenda chini, na kingo za chokaa huchora vivuli vyembamba. Saa mbili iachie ukuta unaotazama kaskazini au kusini. Mwezi Juni jua liko kaskazini mwetu, tafuta wa kaskazini. Desemba, wa kusini.

Kulala nyuma ni kwa sababu unainua kamera upate roshani. Ishike sawa bila kuielekeza juu, rudi nyuma, au omba ruhusa upande baraza ya ng'ambo. Uchochoroni tumia lenzi pana ya milimita 24. Barabara itakayozidi chini utaikata baadaye.

Weka f/8 (tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kisha punguza mwangaza theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga): giza la uchochoro huidanganya kamera, chokaa nyeupe ikaungua. Ukitoka chumba chenye eyakondishena, kamera ikae mkobani dakika 20 hadi 30, la sivyo lenzi itashika ukungu. Usiufute kwa kanga, tafadhali.