Maswali ya Wasomaji: Kukata bati ili injini ifikike

Barua za safari hii zimekuja na kilio kimoja kwa sura mbalimbali: injini iko pale, spana iko mkononi, na katikati kuna bati. Tumechagua tano.

Habari za kazi, mafundi. Nina Beetle ya 1970. Kila nikitaka kubadilisha klachi lazima ninyanyue nyuma ya gari kwa kimo cha kutisha ndipo injini ipite chini. Nimeona Beetle nyingine zimekatwa lile bati la chini ya boneti ya nyuma, likafungwa kwa bolti. Naweza kufanya hivyo bila kuliharibu gari?

Unaweza. Kati ya kazi zote za namna hii, hii ndiyo yenye hatari ndogo, kwa sababu injini ya Beetle haijakaa juu ya bati hilo. Imeshikwa na giaboksi kwa bolti na nati nne tu, na giaboksi ndiyo iliyofungwa kwenye shasi. Bati unalolisema, tuliite sketi, lina kazi tatu nyingine: linazuia pembe mbili za nyuma zisisogee, linabeba sehemu ambayo komeo la boneti hunasa, na linakamilisha kizuizi cha hewa ya moto. Wanaojuta baada ya kukata huwa wamesahau moja kati ya hizo.

Itoe injini kwanza kwa njia ya zamani, kwa mara ya mwisho. Ziba mpira wa petroli kwa bolti na klipu, kisha toa betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, usiishie kulegeza waya tu. Funga boneti, pima uwazi wa kila upande, uandike. Halafu chomelea kwa muda bomba la mraba la 25 mm kutoka pembe hadi pembe, juu ya mahali utakapokata. Ukikata kabla ya kuweka bomba hilo pembe zitasogea milimita mbili tatu, na boneti haitakaa sawa tena hata ukesha.

Mstari wa kukata uwe wima na umenyooka, 30 mm hivi ndani ya mahali sketi inapokutana na pembe. Tumia greinda yenye diski ya 1 mm. Kunja bati la 1.2 mm umbo la L, 25 kwa 25, vipande vinne: kila upande kimoja cha kwenye pembe na kimoja cha kwenye sketi, vikitazamana mgongo kwa mgongo kwa ndani. Toboa matundu matatu kila upande kwa bolti za M8, na nati zichomelewe kwenye kipande cha pembe, maana ukishapaka rangi hutaweza kuingiza spana ya pili kule nyuma. Vifunge vipande kwa bolti zake kabla ya kuvichomelea kwenye bodi. Ukichomelea kimoja kimoja ukitegemea jicho, matundu hayatalingana.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Kwenye kipande cha sketi, tundu moja kati ya matatu ya kila upande liwe la 8 mm kamili, mengine yawe ya 10 mm. Lile la 8 ndilo linaloirudisha sketi mahali pale pale kila unapoifunga. Yote yakiwa mapana, sketi itarudi na tofauti ya milimita mbili, na komeo halitanasa. Utapiga boneti kwa kiganja hadi rangi ipasuke, ukidhani komeo limekufa.

Bati la gari hili halizidi sana 0.8 mm, kwa hiyo mashine ya vijiti italitoboa. Tumia mashine ya waya, waya wa 0.6 mm, na gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksaidi. Weka vidoti vya kushikiza kila baada ya 30 mm, ukiruka kutoka ncha moja hadi nyingine, na usirudi kwenye kidoti mpaka mkono uweze kugusa jirani yake. Mshono mrefu wa mkupuo mmoja hulikunja bati kama chapati. Ukishasafisha, piga tupa kingo hadi uwazi ufike 2 mm, kwa sababu diski imekuachia 1 mm na rangi itaila, kisha weka kati ya vipande vya L utepe wa raba wa unene huo huo.

Baki ya mwisho ni hewa. Injini hii hupozwa kwa hewa: feni inavuta hewa baridi kutoka chumba cha injini na kuisukuma chini kwenye silinda, na moto wa silinda na ekzosi unabaki chini ya mabati yanayoizunguka injini. Mpaka kati ya juu na chini ni ule mpira unaozunguka chumba. Ukiukata mpira pale pale ulipokata sketi, unaacha mianya miwili ya upana wa kidole, na feni itavuta moto wake yenyewe. Injini itachemka kwenye mlima wa kwanza, wewe utaanza kuchezea kabureta. Mpira upite kwenye kiungo bila kukatwa. Usiku weka taa chini ya gari, fungua boneti, tazama kutoka juu: kila unapoona mwanga, hewa ya moto inapita.

Hata sketi ikiwa nje, injini isishushwe kabla shafti ya giaboksi haijatoka kabisa kwenye klachi. Iweke juu ya jeki, ivute nyuma ikiwa imenyooka, ndipo uishushe. Ina zaidi ya kilo 100, na ukiiacha ining'inie kwenye shafti utaharibu kitovu cha diski ya klachi, ile mpya uliyotaka kuifunga.

Na neno moja la pembeni: kama klachi yako hubadilishwa mara moja kwa miaka minane, jeki ndefu na rafiki wawili ni kazi ndogo kuliko yote haya.

Mafundi, Mini yangu ya 1979 inanitesa kwenye distributa na mota ya kuwashia. Nataka uso wote wa mbele utoke kwa bolti. Kuna fundi ananiambia gari litalegea. Nani mkweli?

Nyote wawili mna sehemu ya ukweli, ila fundi wako ana sehemu kubwa zaidi. Injini na sasipensheni za mbele za Mini hubebwa na fremu ndogo ya chini, si na uso. Ndiyo maana gari halitalala chini ukiukata. Lakini fremu hiyo imeshikwa na bodi katika sehemu kadhaa, na mbili kati yake ziko mbele kabisa, kwenye sehemu ya chini ya uso. Ukiondoa uso wote bila kuweka kitu mahali pake, ncha ya mbele ya fremu inabaki haina mshikaji, na fenda mbili zinakuwa kama masikio. Utaanza kusikia mtikisiko kwenye barabara mbovu, halafu nyufa za rangi zitatokea mahali fenda inapokutana na bati la chini ya kioo.

Kwa hiyo uso ugawe mara mbili. Sehemu ya chini yenye vishikizo vya fremu ibaki imechomelewa kama ilivyotoka kiwandani. Sehemu ya juu, ile inayozunguka grili na kubeba komeo la boneti, ndiyo itoke. Kwa distributa ya Mini, iliyo mbele nyuma ya grili, hiyo inatosha kabisa, na rejeta iliyo ubavuni nayo inapata nafasi ya kupumua.

Pale uso unapokutana na fenda usikate kwa greinda. Bati mbili zimeunganishwa kwa vidoti vya kiwandani. Kwaruza rangi kwa brashi ya waya mpaka uone vile vishimo vya duara, kisha tumia keekee ya 8 mm ya kutolea vidoti na uitoboe bati ya juu peke yake. Ukiona unga wa chuma umebadilika rangi au keekee imezama ghafla, umeshaingia bati ya pili. Mdomo, yaani ukingo wa bati, unaobaki kwenye fenda ndio utakaobeba nati za M6, moja kila baada ya 120 mm. Kwenye uso toboa 8 mm na utumie washa pana, upate nafasi ya kurekebisha.

Boneti ya Mini ina bawaba nyuma na komeo mbele. Maana yake ni kwamba uso ukilegea, upepo utaifungua boneti na kuilaza kwenye kioo ukiwa kwenye mwendo. Ndoano ya pili ya usalama isitolewe kamwe, na bolti zote zikazwe upya baada ya safari ya kwanza, kwa sababu rangi mpya chini ya washa hubonyea. Rudishia pia kinga ya plastiki mbele ya distributa. Bila hiyo, mvua ya kwanza itaizima injini.

Shikamooni. Gari langu lilibadilishwa injini na mwenye nalo wa kwanza, likawekewa V8, injini ya silinda nane. Plagi ya mwisho upande mmoja iko karibu na ukuta wa chumba cha abiria, spana haiingii kabisa. Je, ni vibaya kutoboa ukuta?

Marahaba. Si vibaya, na hata kiwanda kimewahi kufanya. Sunbeam Tiger ya miaka ya 1964 hadi 1967 ilikuwa gari dogo lililojazwa V8 ya Ford, na plagi ya mwisho ya upande wa kushoto ilifikiwa kwa tundu kwenye ukuta huo, likizibwa kwa kizibo cha mpira.

Usikisie mahali. Toa plagi nyingine ya upande huo ujue mwelekeo wake, kisha chukua fimbo nyembamba iliyonyooka na uilaze sambamba nao mbele ya ile plagi ngumu. Pale ncha ya fimbo inapogusa ukuta ndipo kitovu cha tundu. Toboa 3 mm kwanza, nenda ndani, inua zulia, uone umetokea wapi. Ukikuta fungu la nyaya, bomba la hita, mkono wa waipa au msingi wa pedali ya breki, usiendelee. Sogeza, au tumia spana yenye kiungo. Usikaribie mkunjo wala mshono wa bati, kwa sababu nguvu ya ukuta iko humo. Kukiwa salama, panua kwa msumeno wa duara wa 50 mm.

Kizibo cha mpira kinafaa kama ekzosi iko mbali. Ikiwa karibu, mpira utakauka na kupasuka, na hapo tundu lako linakuwa mlango wa moshi. Tumia kifuniko cha bati la 1.2 mm, skrubu nne za M5 na gasketi inayostahimili joto. Hatuwezi kulisema hili kwa upole: kaboni monoksaidi haina harufu, na tundu lililozibwa vibaya linaileta miguuni mwako. Jaribio la taa usiku tulilotaja juu lifanye hapa pia, taa ikiwa upande wa injini, macho upande wa dashibodi.

Kama katika kutafuta nafasi utashawishika kukata minara ya springi au mihimili ya shasi, jibu ni hapana.

Sina mashine ya kuchomelea. Riveti au gundi ya bodi zinatosha kutengeneza mdomo wa bolti?

Kwa kifuniko kidogo cha ukaguzi, riveti za chuma zinatosha. Kwa sketi au uso zisitumike peke yake: mtetemo huzilegeza, tundu linakuwa yai, na maji yanaingia kati ya bati mbili. Gundi ya muundo ya kutengenezea bodi pamoja na riveti hushika vizuri, mradi bati likwaruzwe hadi chuma cheupe na libanwe kwa muda wote uliotajwa kwenye kopo. Utakayemwita kuchomelea baadaye mwambie kuna gundi, kwa sababu inaungua na kutoa moshi mbaya.

Nimeondoa uso wa chuma nikafunga wa faiba unaofunguka wote kwenda mbele. Injini inafikika vizuri sana, ila taa sasa zinawaka hafifu na honi inakoroma. Nimebadilisha balbu mara mbili.

Balbu hazina kosa. Taa na honi za gari lako zilikuwa zinapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia bati zilizofungwa kwalo, na faiba haipitishi umeme. Sasa umeme unarudi kwa njia ya kubahatisha, pengine kupitia taa nyingine, ndiyo maana ukiwasha indiketa taa kubwa inakonyeza nayo.

Vuta waya mweusi wa 2.5 mm za mraba kutoka kila taa na honi hadi kwenye nukta moja ya bodi iliyokwaruzwa rangi, ikazwe kwa bolti na washa ya meno, kisha ipakwe grisi. Nyaya zote zipite kwenye soketi moja ya kuchomoa, na ziachwe na kitanzi cha kutosha karibu na bawaba, la sivyo zitakatika ndani ya plastiki bila kuonekana. Wenye uso wa chuma wa bolti pia wasijidai: rangi mpya kwenye mdomo na washa za raba hukata ethi vivyo hivyo.

Na uso huo uwe na makomeo mawili, kila upande lake, yanayofungwa kwa chuma kwenye chuma. Vifungo vya robo mzunguko vilivyoshika faiba tupu hupanua matundu yake. Weka bati la nyuma la 2 mm chini ya kila kifungo.