Mume amesema nikipiga kura nitakavyo nimeachika

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi niko Micheweni, Pemba. Mume wangu amesema nikikipigia kura chama kisichokuwa chake, nimeachika. Je, ana haki hiyo? Na nikipiga nitakavyo, talaka inapita?

JIBU: Waalaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Dada yangu, jambo hili si geni kwetu. Baada ya uchaguzi wa 2015 ziliripotiwa habari za wanawake wa hapa Zanzibar walioachwa kwa sababu ya kura. Linaniuma sana. Talaka imewekwa iwe njia ya kutokea pale ndoa inaposhindikana, haikuwekwa iwe fimbo ya kampeni.

Kura ni amana na ni ushahidi: unashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa huyu ndiye unayemuona anafaa. Ushahidi wa mtu haupangwi na mwengine. Katika Surat Al-Mumtahina, aya ya 12, Mtume (S.A.W.) ameamrishwa apokee ahadi ya wanawake waumini wanapomjia wenyewe, hakuambiwa awaulize waume zao. Na kabla ya hapo, katika Baiya ya pili ya Aqaba, yaani ahadi ya utii ambayo watu wa Madina walimpa Mtume, pamoja na wanaume 73 walikuwapo Nusaiba bint Kaab na Asmaa bint Amr. Kumtii mume ni wajibu katika wema, lakini dhamiri yako hakuioa.

Ama talaka, hapa sikufichi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, na ndiyo kauli ya wanavyuoni wengi, talaka iliyofungwa na sharti hupita sharti likitimia, hata kama mume alitaka kutisha tu, na kughairi baadaye hakuifuti. Mwanachuoni Ibn Taymiyya ameona kwamba aliyekusudia kuzuia tu hukumu yake ni ya kiapo, atoe kafara. Basi usitegemee kuwa kura ni siri. Talaka haingoji mume ajue. Ikiwa ni ya kwanza au ya pili, anaweza kukurejea ndani ya eda. Ikiwa ya tatu, hana rejea.

Lakini tamko lake lenyewe ndilo la kuangaliwa. Akiwa alisema "nitakuacha", hiyo ni ahadi tu, haipitishi kitu. Akiwa alisema "umeachika", ndiyo hukumu niliyoieleza. Nendeni wote wawili kwa kadhi kabla ya siku ya kura, akayasikie maneno kama yalivyotoka kinywani mwake.

Wallahu aalam.