Bastola za gumegume za Israel Putnam: maswali yenu

Niliandika juu ya bastola mbili alizobeba Israel Putnam katika Vita vya Uhuru wa Marekani. Haya ndiyo mliyoniuliza.

Alizipataje?

Masimulizi ya Lexington, Massachusetts, yanasema hivi: tarehe 19 Aprili 1775, jeshi la Uingereza likirudi Boston huku likishambuliwa na wanamgambo njia nzima, Meja John Pitcairn alipoteza farasi wake. Mnyama alikimbia na bastola zikiwa kwenye tandiko, wanamgambo wakamkamata. Baadaye bastola hizo alipewa Putnam, afisa wa wanamgambo wa Connecticut aliyepanda hadi ujenerali. Leo zimehifadhiwa Lexington.

Kwa hiyo zilikuwa za Pitcairn kweli?

Sidhani. Watafiti wameonyesha kuwa nembo iliyochongwa juu yake si ya ukoo wa Pitcairn, wakamtaja afisa mwingine wa Uingereza. Kwangu, mchongo kwenye chuma una uzito kuliko hadithi iliyopita vinywa vingi. Fundi wake hana utata: ni John Murdoch wa Doune, Scotland. Hazina mti hata kidogo, na kitako chake kimejikunja kama pembe za kondoo dume.

Zinafyatukaje?

Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia risasi kwa mdeki, yaani kijiti cha kushindilia, kisha unatia baruti kidogo kwenye kifa, yaani kisahani cha ubavuni. Ukivuta kifyatuo, mtambo ulioshika jiwe la gumegume unakwaruza bati la chuma. Cheche huangukia kifani, na moto hupenya tunduni hadi ndani ya mtutu. Baruti ya kifani ikilowa mvua, hakuna mlio. Na ukishafyatua mara moja, huna nyingine mpaka ujaze upya. Ndiyo maana maafisa walizibeba mbili mbili.

Kila mwanamgambo alikuwa nayo?

La. Wengi walikuja na bunduki ndefu za nyumbani. Bastola ilikuwa zaidi silaha ya afisa na mpanda farasi.

Tumerithi bastola ya namna hii. Niisugue ing'ae?

Tafadhali usiisugue! Utafuta jina la fundi na nembo, ushahidi uleule uliofichua habari za bastola za Putnam. Tena usivute kifyatuo: silaha nyingi za zamani ziliwekwa zikiwa bado na baruti na risasi ndani. Iache ilipo, umwite fundi wa silaha aikague.