Kompyuta inazimika baada ya ovakloki: joto la Mtwara, pawasaplai au mipangilio?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nahariri video za harusi hapa Chikongola, Mtwara. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa Ryzen 5 2600 na kipoozeo kilichokuja nayo, kadi ya grafiki GTX 1660 Super, ubao mama wa B450, RAM GB 16 na pawasaplai (kisanduku cha umeme) iliyoandikwa wati 450. Nilijaribu ovakloki, yaani kuzidisha kasi ya kiwandani: prosesa 4.0 GHz kwa volti 1.35, kadi nikaiongezea 150 MHz. Siku mbili ilikwenda vizuri. Sasa nikirenda (kutoa video iliyokamilika) inazimika ghafla, kama imechomolewa. Shida ni nini, na nianze vipi upya?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kwanza rudisha vyote kwenye mipangilio ya kiwandani, prosesa kupitia BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama) na kadi kupitia programu ya MSI Afterburner, ili kazi za wateja ziendelee.

Namna mashine inavyoanguka inakuonyesha pa kutazama. Prosesa iliyokosa volti ya kutosha huleta skrini ya buluu au huganda. Kumbukumbu ya kadi iliyozidishwa hutapakaza vidoti na mistari ya rangi kwenye skrini. Joto hupunguza kasi kwanza, kurenda kukachelewa, kabla mambo hayajafika mbali. Kuzimika papo hapo bila dalili yoyote, wakati prosesa na kadi zote ziko kazini, mara nyingi ni pawasaplai imezidiwa.

Chomoa umeme, fungua ubavu wa kesi usome kibandiko cha pawasaplai. Ile 450 ya herufi kubwa iache. Tafuta safu ya +12V, uchukue ampea zake uzidishe kwa 12. Ikiwa ni ampea 20, una wati 240 tu, na hapo ndipo prosesa na kadi zinapokula. Kadi yako kiwandani ni wati 125. Prosesa ni ya wati 65, lakini kwa mipangilio uliyoiweka inaweza kupita 100. Jumlisha ubao, diski na feni, halafu kumbuka kwamba kadi hurukia juu ya kiwango chake kwa vipindi vifupi sana. Kinga ya pawasaplai inakata. Ukikuta hivyo, ovakloki isubiri. Nunua ya wati 550 ya kweli, yenye ampea 38 au zaidi kwenye +12V.

La pili ni joto, na hapa pwani ni jambo zito kuliko video nyingi za mafunzo zinavyosema. Kipoozeo cha hewa hakiwezi kushusha joto chini ya hewa iliyomo chumbani. Aliyepata nyuzi 74 katika chumba cha nyuzi 22, wewe kwenye chumba cha nyuzi 32 tarajia kama 84 kwa mipangilio ileile. Na volti ndiyo inayopika. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 3.7 GHz kwa volti 1.25 hadi 4.0 kwa 1.35, kasi imeongezeka kama asilimia 8, joto kama asilimia 26. Kipoozeo kile kifupi kilichokuja na prosesa hakikutengenezwa kwa mzigo huo, kwa hiyo prosesa ningeiacha kabisa mpaka upate kirefu chenye feni ya milimita 120.

Anza na RAM, maana faida yake haina gharama. Fungua Task Manager, upande wa kumbukumbu. Kama RAM zimeandikwa 3000 na pale unaona 2133 au 2400, nenda BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake (ASUS huiita DOCP, MSI huiita A-XMP). Ryzen hunufaika sana na RAM yenye kasi, kwa sababu njia inayounganisha sehemu zake za ndani hufuata mwendo wa RAM. Ikigoma kuwaka, zima, chomoa waya, toa betri ya CR2032 kwenye ubao kwa dakika tano, rudisha. BIOS itasahau ulichoweka.

Kadi ya grafiki, ishushie volti kabla ya kuiongezea kasi. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F, mstari wa volti na kasi utafunguka. Shika nukta ya milivolti 900, iweke 1,800 MHz, na nukta zote za kulia kwake zilale usawa huohuo. Hifadhi, kisha renda video halisi ya nusu saa huku programu ya HWiNFO ikikuonyesha joto. Ikianguka, shusha 15 MHz ujaribu tena. Kadi ikiwa baridi haijipunguzii mwendo, ndiyo maana wengi hupata kasi ileile au zaidi kwa umeme mdogo. Baada ya hapo ndipo uguse kumbukumbu ya kadi: ongeza 100, pima, ongeza tena, usivuke 500. Alama za programu ya kupimia zikianza kushuka badala ya kupanda, umepitiliza hata kama skrini ni safi.

Usitegemee miujiza kwenye kutoa video. Kama programu yako inatumia kisimbaji cha ndani ya kadi (enkoda, sehemu inayobana video), MHz 100 hutaziona kirahisi. Utaziona zaidi kwenye kupaka rangi na kuondoa chengachenga.

Vumbi na hewa ya chumvi vinashika mapezi ya kipoozeo, hivyo safisha kila miezi mitatu kwa brashi laini. Ukitumia blowa, zuia pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke. Pesti ya joto ibadilishe kila unapofungua kipoozeo. Tone la ukubwa wa punje ya kunde linatosha.

Mipangilio utakayoipata wakati wa kusi, Julai, irudie kuipima kaskazi ikishika, Januari au Februari, mchana, madirisha yakiwa kama unavyoyaacha siku za kazi. Ikiyumba, toa 30 MHz kwenye kadi, RAM iache ilivyo.